Mjane wa Mgomba

Mimi ni mwimbaji. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wanalolijua, na ndilo wanalotaka nibaki nalo hadi nizikwe. Naimba soul, ile ya polepole, ya gitaa moja na kinanda, mara kwa Kiswahili mara kwa Ekegusii, kwenye hoteli za Kisii mjini na kwenye harusi za watu wanaojiweza. Mama mkwe wangu, ambaye ni Msabato wa kutoka tumboni mwa mamake, huiita kazi yangu kulia kwa mpangilio. Nikipiga simu kuulizia gesi, mwenye duka hunitambua kabla sijamaliza salamu. Lakini uso wangu, wapi! Ninaweza kupita katikati ya mji mchana kweupe, kimya, na hakuna atakayegeuza shingo. Watu wameoa na wameachana na sauti yangu ikiwa chumbani mwao, na sura yangu hawaijui.

Ndiyo maana ni wachache wanaojua kwamba nimewahi kuingia kwenye filamu, tena si mara moja. Wale wachache nao husimulia vibaya, na wengi wao hata hawakuwepo. Basi acha niseme mwenyewe. Nilichokuwa nakitaka kilikuwa kimoja tu: nionekane nikiwa mtu mwingine, nisiimbe hata mstari mmoja, na watu waamini.

Mara ya kwanza walikuwa vijana wa mjini waliokuwa wakitengeneza kichekesho, wakanipa sehemu ya mama muuza ndizi. Maneno yangu yalikuwa machache, nikayakariri jikoni hadi mume wangu akaanza kuniitikia bei. Siku ya kupiga picha tulikwenda sokoni, kamera ikawashwa, na mwili wangu ukafanya kile ambacho umezoea kufanya. Nikainua kidevu. Nikavuta pumzi ya chini ya tumbo. Nikaipa kamera lile tabasamu la jukwaani, kisha bei ya ndizi ikanitoka kama ubeti wa kwanza. Kijana aliyekuwa akiongoza akasema turudie. Tukarudia, na sasa mkono ukapanda kifuani wenyewe, sikuutuma. Akina mama wa soko waliokuwa nyuma yangu wakapiga makofi. Niliondolewa mchana huohuo, na sikula chakula cha jioni.

Mara ya pili tulipiga picha pale Masimba, mimi ni mwalimu. Huko nilijitahidi, haki ya Mungu nilijitahidi, na nilijiona nimefanya kazi nzuri. Walipomaliza waliniomba niwaimbie wimbo mmoja, ati wajaribu mitambo yao ya sauti. Nikawaimbia, mjinga mimi. Filamu ilipoonyeshwa ukumbini nilikwenda na gauni jipya, nikakaa mbele. Nikangoja mwalimu atokee. Mwalimu hakutokea. Walikuwa wamemkata kabisa, hata mgongo hawakuuacha. Mwishoni, majina yalipoanza kupanda kwenye kitambaa cheupe, ndipo nikasikia sauti yangu inaimba ule wimbo wa kujaribia mitambo, na ukumbi mzima ukasimama kushangilia. Nilikaa pale na gauni langu nikalichukia koo langu mwenyewe. Mtu akiniambia kwamba kipaji ni baraka, huwa namkumbuka yule mwalimu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hiyo ya tatu ilinikuta hospitalini, nimekaa kwenye benchi nikingoja kuitwa, na jino limenivimbisha shavu. Mama mmoja alikuwa amekaa upande wa pili akinitazama bila aibu. Hatimaye akaja, akanieleza kwamba yeye ni mwelekezi wa filamu, mzaliwa wa Nyamira ila ameishi Nairobi miaka mingi, na kwamba anatafuta mjane. Filamu yake ilikuwa ya mwanamke ambaye mumewe anafariki na mashemeji wanataka kumfukuza kwenye shamba la chai. Alisema amezunguka akitafuta uso kama wangu. Uso! Nilitaka kumkumbatia, jino na yote. Nikajibu kwa kichwa tu, nikiogopa kufungua mdomo, na alipokuja kujua mimi ni nani tulikuwa tumeshakubaliana. Nilimwona akisononeka. Hakulificha, alisema ana hofu kwamba watu watasikia mwimbaji badala ya kumwona mjane.

Nyumbani niliposema naenda kumlilia mume, mume wangu alikubali mara moja. Alisema nimlilie vizuri, kwa sababu ni bahati ya wachache kujua mapema watakavyoliliwa.

Yule mwelekezi alikuwa mtu wa maneno machache na alisema wazi. Mazishi ndiyo uti wa mgongo wa filamu, na tulikuwa na siku moja tu ya kuyapiga picha, kesho yake watu wake na vyombo wanarudi Nairobi. Kama ikifika jioni sijampa anachotaka, sehemu ya mjane ingekwenda kwa yule aliyeigiza wifi yangu, ambaye alikuwa amekariri maneno yangu yote pamoja na yake. Na kweli alikuwa ameyakariri. Nilimsikia akiyasema msalani.

Tulipewa boma la mzee mmoja upande wa Nyamira, juu ya mteremko wa chai, na ng'ambo ya bonde kuna mteremko mwingine unaotazamana nalo. Mzee huyo ni mzee wa kanisa la Sabato. Alipoulizwa kama tunaweza kuchimba kaburi la kuigizia kando ya nyumba yake, alisema yeye anamjua Mungu wake na haogopi shimo. Jeneza tuliazima kwa fundi, aliyetuapisha kwamba litarudi bila mkwaruzo. Na kwa kuwa kwetu kilio si jambo la kuchezea, mwelekezi alifanya ustaarabu: aliomba itangazwe kanisani kwamba kesho kutasikika kilio kwa mzee, watu wasishtuke, ni filamu. Ikatangazwa Jumamosi, kanisa limejaa. Jumapili tukaanza kazi na roho safi. Hakuna hata mmoja wetu, na sote ni watu wa huku, aliyekumbuka kwamba ng'ambo ya bonde wanaishi Wakatoliki.

Mzee alipoona watu wanavaa nguo za msiba alichukua panga akaenda zake bondeni kukata nepia, majani ya kulisha ng'ombe. Alisema makelele hayo hayawezi. Kamera ilifichwa ndani ya migomba ili itazame kaburi kutoka mbali. Mimi nikafungwa leso nyeusi kichwani, nikasimama kando ya jeneza, nikaambiwa lia.

Nikalia. Kwetu mwanamke akilia msibani hulia kwa maneno, humwita aliyekwenda, humuuliza amemwachia nani watoto, na sauti hukatika, hupanda, huvunjika kama chungu. Nilijua kila neno, nimelisikia tangu nikiwa mgongoni. Nilimwita mume wangu wa filamu, nikamuuliza nitamwambia nini mamake. Nilidhani nimeua. Mwelekezi akatoka migombani pole pole, amejishika kiuno.

"Mama, unalia vizuri sana," akasema.

Nikamwambia asante.

"Hapana," akasema. "Hilo ndilo tatizo."

Nilipogeuka nilimwona yule wa kunasa sauti, ana vile vidude masikioni, amefumba macho anatikisa kichwa kama yuko harusini. Nilitamani ardhi inimeze, na shimo lilikuwa hapo tayari. Tukarudia. Nikajaribu kukwaruza koo, nikakohoa kwanza, nikapiga mayowe ovyo, lakini sauti ilifika juu ikatafuta mahali pazuri pa kutua, ikatua. Tukarudia tena na tena. Nilikasirika hadi nikalia machozi ya kweli, na hata hayo yalitoka na wimbo. Wifi yangu wa filamu alikaa kwenye kiti cha plastiki akinywa chai, ananitazama kwa huruma ile ambayo ni afadhali utukanwe. Kila niliporudia, kilio kiliruka bonde.

Ng'ambo misa ilikuwa inatoka.

Kwetu ukisikia kilio huulizi ni nani. Unakimbia kwanza, utaulizia hukohuko. Sisi tuliona tu mteremko wa pili unateremka watu: akina mama wa nguo za Jumapili, viatu mkononi, wanapita kati ya michai na kuvuka kijito, na wameshaanza kulia huku wanakuja. Baadaye walituambia kwamba walipozidi kusikia kilio kikubwa kiasi kile, kinanyamaza na kuanza upya, walijua huyu si mtu mdogo. Mwelekezi aliwapungia mikono wasimame. Walidhani anawaita.

Wa mbele yao alikuwa bibi mmoja, jirani wa mzee tangu enzi za ujana wao, mkongojo ameushika kwapani ili usimcheleweshe. Kamera haikuonekana. Alichoona ni kaburi, jeneza, na mimi na leso nyeusi. Hakutusalimu. Alimwita mzee kwa jina lake la utoto, akajitupa juu ya jeneza kwa mikono miwili, na jeneza, kwa kuwa lilikuwa tupu, likateleza naye likaenda kugota kwenye kiti cha wifi yangu. Chai ikamwagika. Bibi akanyamaza. Akaligonga jeneza kwa kiganja, akaligonga tena, akatutazama mmoja mmoja.

Hapo ndipo mzee alipotokea kutoka bondeni na mzigo wa nepia kichwani, anauliza nani amekufa kwake.

Mungu wangu. Wapo waliokimbia, wapo waliokaa chini, na mama mmoja alimrushia mzee kiatu ili ahakikishe kama ni yeye. Ilipoeleweka kwamba ni filamu, hasira iliyowapanda sijapata kuiona hata kwenye siasa. Mwelekezi alieleza kwamba ilitangazwa kanisani. Wakauliza kanisa gani. Akalitaja. Wakamtazama tu, na mimi nikatazama chini.

Mzee mwenyewe, ambaye alisema haogopi shimo, sasa alikuwa ameketi juu ya nepia yake akilitazama lile shimo lililochimbwa kando ya mlango wake. Ameliliwa na bonde zima angali hai. Ujasiri wote wa mzee wa kanisa ulimtoka usoni. Na yule bibi, akiwa bado anahema, ndiye aliyesema kinachojulikana na kila mtu wa huku, Msabato au Mkatoliki: kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, litaita mtu. Ukatwe mgomba, ulazwe humo, ufukiwe kabla jua halijazama. Katekista wao alisema yeye hawezi kuuombea mgomba, lakini yuko tayari kumwombea mzee maisha marefu, na mzee akavua kofia haraka kabla katekista hajabadili nia.

Bibi aliongeza jambo moja, na alilisema akininyooshea mimi mkongojo. Hapa halii mtu tena. Vilio vya leo vimetosha, sauti yoyote ikitoka tena kwenye boma hili itakuwa inamwita mzee kweli.

Mwelekezi alinivuta pembeni. Mabishano yalikuwa yamekula mchana wote, mwanga ulikuwa unaondoka, mazishi hatukuwa nayo, na mazishi mengine hayangekuwepo. Alikuwa ameshamwomba mzee ruhusa, na mzee amekubali kamera itazame wakizika mgomba, mradi amri ya bibi ifuatwe. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu. Niligeuka na kumwona wifi yangu wa filamu ameshaweka chai chini na anajifunga kitambaa cheusi kichwani.

Nilipandwa na hasira ambayo sina haja ya kuipamba. Ile sehemu ilikuwa yangu. Niliombwa kwa sababu ya uso, mara ya kwanza maishani mwangu, na sasa uso huo ulikuwa unachukuliwa kwa sababu ya koo.

"Niache mimi," nikamwambia.

"Bila sauti?"

"Bila sauti."

Mgomba ulikatwa nyuma ya jiko, mnene, maji yakichuruzika. Wanaume wanne wakaufunga shuka jeupe la mzee mwenyewe, wakaubeba begani kwa ule mwendo wa taratibu ambao hakuna aliyewafundisha. Wale Wakatoliki walijipanga pande zote mbili za kaburi kwa sababu huko ndiko watu husimama, si kwa sababu waliambiwa. Mzee alisimama mlangoni kwake akijitazama anavyozikwa. Sijui kamera ilianza saa ngapi. Nilikuwa nimeshughulika na mikono yangu, maana jukwaani mikono yangu hufuata sauti, na sasa ilining'inia tu kando kama ya mtu mwingine.

Nilivuta pumzi. Ilishuka chini ya tumbo kama kawaida yake, ikasimama kwenye koo ikingoja kutoka. Sikuiruhusu. Nilihisi wimbo mzima umebanwa kifuani, na unauma, na mara nikaelewa kwamba haya ndiyo yanayompata mjane ambaye hana sauti kama yangu. Hana pa kuyapeleka. Anabaki nayo. Sikuwahi kulijua jambo hilo kwa sababu tangu utoto kila lililoniuma nimeliimba likatoka.

Wakaushusha mgomba kaburini. Shuka likakwama kwenye udongo upande wa miguuni, sehemu ya mgomba ikabaki wazi, mbichi, ya kijani. Hilo halikuwa limepangwa. Nilipiga magoti pale ukingoni, nikanyoosha mkono ndani, nikalivuta shuka nikaifunika ile sehemu, kisha nikalipapasa mara moja ili lisifunuke tena, vile unavyomfunika mtu miguu usiku wa baridi bila kutaka kumwamsha. Nikabaki hapohapo na mkono wangu juu yake. Udongo wa kwanza ukaanguka, sikuuondoa mkono. Ilibidi mtu anishike bega. Nyuma yangu akina mama walikuwa wamekatazwa kulia na hawakulia, lakini nilisikia pumzi zao zinavyokwenda.

Filamu hiyo ipo. Imeonyeshwa mjini Kisii, imeonyeshwa na mbali pia, na katika mazishi yale yote hakuna sauti ya mtu ila majembe. Nimesimama nje ya ukumbi nikawasikia watu wakiulizana huyo mjane ametolewa wapi, na mmoja akasema lazima ni mtu wa Nairobi. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Yule mwelekezi ameniita kwenye kazi nyingine mbili, na katika zote mbili siimbi. Mume wangu aliitazama hadi mwisho, kisha akasema kumbe anaweza kufa sasa bila wasiwasi.

Lakini mimi sikungoja ukumbi. Nilijua palepale, udongo ulipokwisha kupigwapigwa na wanaume wakaanza kufuta majembe kwa majani. Mwelekezi aliinua mkono kwamba imetosha, kamera ikazimwa, vijana wake wakaanza kukunja nyaya. Mzee akaenda kuwalisha ng'ombe wake. Wifi yangu wa filamu alikifungua kile kitambaa, akakikunja, akanipa, na nilimheshimu kwa hilo. Nami nilikuwa bado nimesimama, magoti yana matope, utomvu wa mgomba umenikaukia mikononi.

Wale akina mama wa ng'ambo, badala ya kwenda zao, walifanya mstari. Mgomba waliuona ukikatwa. Shuka waliliona likifungwa. Wakaja mmoja mmoja wakanishika mkono, na kila mmoja akasema pole. Wa mwisho alikuwa yule bibi. Aliniegemezea mkongojo wake ili anishike kwa mikono yote miwili, akanitazama usoni muda mrefu, mahali ambapo watu hawanitazamagi.

"Pole, mwanangu," akasema. "Alikuwa mtu mzuri."

Kama alikuwa ananitania, hadi leo sijui. Nilifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa imekwaruza na kuvunjika katikati, sijawahi kuisikia.

"Asante, mama," nikamjibu. "Tuliishi vizuri."